Uliberali wa Marekani: jina lilichakaa, mambo yakabaki. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Marekani inapokaribia uchaguzi, simu yangu hujaa maswali yale yale. Mmoja anauliza akiwa kijiweni na kahawa mkononi, mwingine anatuma sauti ya dakika nne kutoka Ohio akitoka zamu ya usiku. Waliberali ni akina nani? Mbona walikuwa wakishinda, sasa wanashindwa? Obama alikuwa wao? Nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu siufichi: naona jina la uliberali lilishindwa zamani, lakini mambo uliyoyaleta yamewashinda hata maadui zake kuyang'oa.

Mliberali wa Marekani ni mtu wa namna gani?

Ni mtu anayeitaka serikali ifanye kazi mbili. Ya kwanza ni kumlinda raia asionewe: aseme, aabudu, apige kura na aoe anayempenda bila kubughudhiwa. Ya pili ni kumshika mkono soko linapomwangusha, yaani uzeeni, akiugua au akiachishwa kazi. Anataka wenye nacho walipe kodi zaidi, kiwanda kisimwage sumu mtoni, na mwenye nyumba asimnyime mtu chumba kwa sababu ya rangi yake. Kwa kawaida hukipigia kura chama cha Democratic, mpinzani wa Republican, chama cha wahafidhina.

Si mkomunisti, ingawa redio za wahafidhina humwita hivyo kutwa. Ubepari anautaka, ila uwe na breki.

Mbona huku kwetu neno hilo linamaanisha IMF na kuuza mashirika ya umma?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na si kosa lao. Katika Ulaya ya karne ya 19, uliberali ulikuwa wa kuizuia serikali: isiingilie biashara, isimpangie mtu imani. Maana hiyo Ulaya haijaondoka. Na sisi tuliokuwepo miaka ya 80 na 90, wakati mashirika yalipobinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini na mgonjwa akaanza kuambiwa achangie gharama, tulifundishwa kuyaita hayo yote uliberali mamboleo.

Marekani neno liligeuzwa miaka ya 1930 na Franklin Roosevelt. Alisema uhuru wa mtu mwenye njaa ni wa jina tu, kwa hiyo serikali inayomwondolea njaa ndiyo inayomwongezea uhuru. Rais aliyemtangulia, Herbert Hoover, alikasirika akaona ameibiwa neno, maana yeye ndiye aliyejihesabu mliberali wa kweli.

Ndiyo maana ukisoma habari za Ronald Reagan, rais wa miaka ya 1980, unaweza kudhani umekosea ukurasa. Kwao ndiye aliyeupiga uliberali mwereka. Kwetu ndiye aliyekuja na uliberali mamboleo. Mtu ni yule yule na sera ni zile zile.

Ulishikaje nchi?

Kwa njaa. Soko la hisa lilianguka mwaka 1929, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi 1 kati ya 4 hakuwa na kazi. Benki zilifungwa na akiba za watu ndani. Roosevelt aliingia Machi 1933 na mpango wake wa New Deal, uliokuwa mchanganyiko wa kubahatisha na ujasiri: leo anajaribu hili, kesho likikwama anajaribu lile. Mwaka 1935 ikapita sheria ya Social Security, yaani pensheni ya uzee kwa wafanyakazi, na ikapita sheria iliyowapa vyama vya wafanyakazi haki ya kukaa meza moja na waajiri. Mwaka 1938 ukaja mshahara wa kima cha chini, senti 25 kwa saa.

Mwaka 1936 Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Yaliyomkataa ni mawili, Maine na Vermont.

Sasa tuingie Vermont kidogo. Katika mji mdogo wa Ludlow alikuwepo Ida May Fuller, karani mstaafu wa ofisi ya wakili. Hundi ya kwanza kabisa ya pensheni ya kila mwezi, namba 00-000-001, ya tarehe 31 Januari 1940, iliandikwa jina lake: dola 22 na senti 54. Katika miaka mitatu alikuwa amekatwa jumla ya dola 24 na senti 75, kwa hiyo kufikia hundi ya pili fedha zake zilikuwa zimesharudi. Mama huyu aliishi miaka 100, hadi 1975, akalipwa zaidi ya dola 22,000. Vermont iliendelea kuipa Republican kura za urais hadi 1960, na hundi zikaendelea kuingia kila mwezi. Wenyeji wa Ludlow hawakulazimika kumpenda Roosevelt wala kujiita waliberali ili mwenzao alipwe.

Doa la mpango huo nalo lisemwe. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje ya pensheni hiyo mwanzoni, na huko Kusini hao ndio walikuwa Weusi wengi. Roosevelt aliwahitaji maseneta wa Kusini, na bei yao ilikuwa hiyo.

Kwani Democratic si ndiyo iliyokuwa chama cha wabaguzi?

Ndiyo, na anayekukatalia hajasoma. Tangu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kusini ilikuwa ngome ya Democratic, na ni Democratic ya wazungu waliowanyima Weusi kura. Muungano wa Roosevelt ulikuwa kama nyumba yenye wake wenza wasiosalimiana: wafanyakazi wa viwandani wa Kaskazini, Wakatoliki, Wayahudi, Weusi waliohamia Chicago na Detroit, na humo humo wabaguzi wa Mississippi. Kilichowaweka pamoja ni mkate.

Ufa ulionekana 1948. Chama kilipopitisha azimio la haki za raia, baadhi ya wajumbe wa Kusini walitoka ukumbini na kumsimamisha mtu wao, Strom Thurmond, aliyeshinda majimbo manne. Ukuta ulianguka 1964, Lyndon Johnson, Mtexas, alipotia sahihi Sheria ya Haki za Raia. Mwaka huo huo mgombea wa Republican, Barry Goldwater, aliyeipinga sheria hiyo, alizolewa karibu nchi nzima. Alishinda majimbo sita tu: Arizona kwao, na matano ya Kusini. Haya matano ndiyo ya kukumbuka. Thurmond alihamia Republican mwaka huo huo, na wapiga kura wazungu wa Kusini wakamfuata taratibu, wengine wakichukua miaka 30 kufika.

Kilele kilikuwa lini?

1964 hadi 1965. Ni muda mfupi mno kwa jambo kubwa kiasi kile. Johnson alimshinda Goldwater kwa asilimia 61 ya kura, akapata Bunge lililojaa watu wake, akazitoa sheria kama mtu anayejua mvua haidumu. Alizipitisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, bima ya afya ya wazee (Medicare) na ya maskini (Medicaid), fedha za shule na sheria mpya ya uhamiaji.

Tarehe 30 Julai 1965 alisafiri hadi Independence, Missouri, nyumbani kwa Rais mstaafu Harry Truman, mzee wa miaka 81. Truman alikuwa amependekeza bima ya afya kwa wote mwaka 1945 akakwama. Johnson akatia sahihi sheria ya Medicare mbele yake, na kadi ya kwanza ikawa ya Truman. Ukiacha ile hafla, kilichonigusa zaidi ni kilichofuata: hospitali za Kusini ziliambiwa kwamba zikitaka fedha za Medicare, ziache kutenga wodi za wazungu na za Weusi. Kile ambacho mahubiri na maandamano yalikipigania miaka mingi, katika hospitali nyingi kilimalizwa na hesabu za malipo kwa miezi michache.

Ulianguka kwa sababu gani?

Watu wanapenda sababu moja. Mimi nahesabu nne, na ziliingia nyumbani karibu kwa pamoja.

Ya kwanza ni Vietnam. Vita vya Johnson, mliberali aliyetaka kufuta umaskini, vilikula fedha na vijana. Kufikia 1968 kulikuwa na wanajeshi zaidi ya 500,000 kule. Mkutano mkuu wa chama Chicago, Agosti 1968, ulioneshwa kwenye televisheni huku polisi wakiwapiga vijana virungu nje. Mwaka ule ule Martin Luther King na Robert Kennedy walikuwa wameshauawa kwa risasi.

Ya pili ni rangi. Siku 5 tu baada ya Johnson kutia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto, wakafa watu 34. Uhalifu nao ulipanda mijini. Mzungu wa tabaka la wafanyakazi aliyekuwa radhi Weusi wapige kura huko Alabama hakuwa radhi mwanawe apandishwe basi kwenda shule ya mtaa wa Weusi. Mwaka 1968 George Wallace, mbaguzi aliyewahi kuwa gavana wa Alabama, alipata asilimia 13 na kidogo ya kura na majimbo matano, na huko Kaskazini alipata masikio ya watu wa viwandani ambao baba zao walitundika picha ya Roosevelt sebuleni.

Ya tatu ni bei. Miaka ya 70 mafuta yalipanda, mfumuko wa bei ukavuka asilimia 13 mwaka 1980, na mishahara iliyopanda kwa jina tu iliwasukuma watu kwenye viwango vya juu vya kodi. California ilipiga kura mwaka 1978 kukata kodi ya nyumba, na wanasiasa wa nchi nzima wakasikia. Serikali iliyokuja kama mkombozi sasa ilionekana kama karani anayekuchelewesha na kukukata.

Ya nne haisemwi sana: mafanikio yenyewe. Mtoto wa fundi chuma aliyesomeshwa na serikali na kununua nyumba kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali alijiona mtu wa tabaka la kati aliyejijenga mwenyewe. Hata Reagan alikuwa hivyo. Kijana wa Illinois, baba yake alipata kazi katika mipango ya New Deal, na mwenyewe alisema alimpigia Roosevelt kura mara zote nne. Mwaka 1981, akiapishwa, alisema katika msukosuko ule serikali si dawa bali ndiyo ugonjwa. Agosti mwaka huo aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri nchi nzima wakaelewa upepo umegeuka.

Usisahau Rais Richard Nixon hapo katikati. Alikuwa Republican, lakini chini yake ndipo iliundwa mamlaka ya kulinda mazingira, mwaka 1970, na alipendekeza kila familia ihakikishiwe kipato cha chini. Enzi zile uliberali ulikuwa hewa, hata asiyeupenda aliuvuta.

Ni kweli neno "mliberali" liligeuka tusi?

Ni kweli, na mwaka wake naujua: 1988. Mgombea wa Democratic alikuwa Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, mtu makini, mkavu, mwenye majibu ya kiofisi. Kiangazi alikuwa mbele kwenye kura za maoni kwa pointi 17. Kambi ya George Bush ikaanza kulitamka neno hilo kama daktari anayetamka ugonjwa wa aibu, na Reagan jukwaani akalifupisha kuwa "lile neno la L", utadhani ni matusi yasiyofaa watoto.

Dukakis alikwepa. Alisema uchaguzi ni wa uwezo, si wa itikadi. Alipanda kifaru huko Michigan, kofia kubwa kichwani, akitabasamu na kunyoosha kidole, ili aonekane mtu wa ulinzi. Picha ile ikawa tangazo la mpinzani wake. Siku chache kabla ya kura ndipo alipokubali kwamba ndiyo, ni mliberali, wa ukoo wa Roosevelt, Truman na Kennedy. Ulikuwa ujasiri wa saa ya kufunga duka. Akapata majimbo 10.

Tangu hapo wanasiasa wengi wa upande huo walijiita wapenda maendeleo, yaani "progressive". Walibadilisha kibao cha duka, bidhaa zikabaki rafu zile zile.

Clinton alikuwa mliberali?

Nusu. Alipandisha kodi ya matajiri mwaka 1993, kisha akautia nguvu mkataba wa biashara huria na Mexico na Canada ulioanza Januari 1994. Wapiga kura wakampa Republican Bunge lote mwaka huo, ingawa kabla ya hapo Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Democratic kwa miaka 40 mfululizo. Mwaka 1996 akatangaza kwamba enzi ya serikali kubwa imekwisha, akatia sahihi sheria iliyobana misaada kwa familia maskini. Aliokoa chama kwenye kura. Kama aliokoa uliberali, ni suala la bishano refu, na mimi nadhani alikopa kwa riba iliyokuja kulipwa 2016.

Na Obama?

Zaidi kuliko Clinton, pungufu kuliko walivyomtarajia waliolia machozi Novemba 2008, kuanzia Chicago hadi Kogelo. Alirithi mtikisiko mkubwa wa uchumi, akaziokoa benki na viwanda vya magari, na Machi 2010 akatia sahihi sheria ya afya ambayo Truman na Clinton waliikosa. Haikuwa bima moja ya serikali. Ilikuwa mchanganyiko wa ruzuku, kampuni binafsi na upanuzi wa Medicaid. Novemba mwaka huo huo chama chake kilipoteza viti 63 vya Baraza la Wawakilishi.

Wapinzani waliibatiza sheria hiyo Obamacare ili waizike pamoja naye. Matokeo yake yalikuwa kinyume, na swali linalofuata linaeleza.

Watu wanawezaje kuukataa uliberali halafu wakapigia kura mambo yake?

Hili ndilo swali nilipendalo kuliko yote. Chukua Florida, Novemba 2020. Donald Trump alishinda jimbo. Kwenye karatasi ile ile kulikuwa na pendekezo la kupandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 15 kwa saa, na likapita kwa karibu asilimia 61, kura nyingi kuliko za Trump mwenyewe. Chukua Missouri, Novemba 2024. Trump alishinda kwa mbali, na wapiga kura hao hao wakapitisha mshahara wa dola 15 na kurudisha haki ya utoaji mimba kwenye katiba ya jimbo. Mwaka 2018 Idaho, Utah na Nebraska, majimbo ya kihafidhina kuliko mengi, yalipiga kura kupanua Medicaid.

Jambo likiletwa peke yake, bila bendera ya chama, Mmarekani wa kawaida mara nyingi ni mliberali wa mfukoni. Likiletwa na mtu wa Democratic mwenye lafudhi ya chuo kikuu, anakunja uso.

Wanasiasa wanalijua hilo. Rais Bush mtoto, mwana wa yule Bush wa 1988, alijaribu mwaka 2005 kugeuza sehemu ya Social Security iwe akaunti za soko la hisa. Alikuwa ametoka kushinda uchaguzi na chama chake kilishika Bunge, ila mpango ulikufa bila hata kupigiwa kura. Usiku wa kuamkia 28 Julai 2017 ilikuwa zamu ya Obamacare. Republican walikuwa na Seneti, Baraza la Wawakilishi na Ikulu, na miaka saba ya ahadi. Yapata saa saba na nusu usiku, seneta John McCain, Republican wa Arizona aliyegundulika na saratani ya ubongo mwezi ule ule, alisogea mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono, akageuza dole gumba chini. Ukumbi ukashusha pumzi kwa pamoja. Kura 49 dhidi ya 51. Sheria ikabaki, na jina Obamacare likawa la kujivunia.

Wafanyakazi walikwenda wapi?

Nenda Youngstown, Ohio, wilaya ya Mahoning. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni kubwa ya chuma ilitangaza kufunga kiwanda chake, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi kwa mpigo mmoja. Viwanda vingine vikafuata. Wilaya hiyo iliendelea kuipa Democratic kura kwa mazoea na kwa chama cha wafanyakazi. Vikaja mkataba wa 1994, kisha China kuingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, na kila mara waliberali wa Washington waliwaambia watajifunza ujuzi mpya. Mwaka 2020 Mahoning ilimpa Trump kura, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Republican kushinda pale kwenye urais tangu Nixon mwaka 1972.

Pole pole shahada ya chuo ikawa mpaka. Wenye shahada walihamia Democratic, wasio nayo wakaondoka, wazungu kwanza, kisha 2024 Walatino wengi. Wilaya ya Starr huko Texas, mpakani na Mexico, karibu wakazi wote wakiwa Walatino, ilimchagua Trump baada ya kuwa ya Democratic kwa zaidi ya miaka 100. Mfumuko wa bei uliofika asilimia 9.1 Juni 2022 ulimaliza subira. Kamala Harris, mgombea wa Democratic mwaka 2024, alipoteza majimbo yote saba yenye ushindani mkali.

Lugha nayo ilichangia, na hapa waliberali wenyewe hunikasirikia. Walianza kuwaita Walatino kwa jina jipya, "Latinx", ambalo wengi wao hawalitumii hata nyumbani kwao. Ukimwita mtu jina asilolijua, usishangae asipoitika.

Mahakama zilikuwa rafiki au adui?

Rafiki, hadi zilipobadilika. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kutenga shule kwa rangi. 1973 ikaruhusu utoaji mimba kwa kura 7 kwa 2. 2015 ikahalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima kwa 5 kwa 4. Waliberali walizoea kushinda kortini kile ambacho hawakukipitisha bungeni. Ni sawa na kuishi nyumba ya kupanga ukaisahau kodi. Juni 2022 mwenye nyumba alibadilika, na hukumu ya 1973 ikafutwa. Wiki chache baadaye, Kansas ya wahafidhina ilipiga kura kuilinda haki hiyo katika katiba yake, kwa karibu asilimia 59.

Mliberali, progressive na msoshalisti wana tofauti gani?

Mliberali hukarabati. Progressive hukarabati kwa haraka na kwa hasira zaidi. Msoshalisti wa kidemokrasia, kama seneta Bernie Sanders wa Vermont (ndiyo, Vermont ile ile), husema bomba lenyewe limeoza, na neno mliberali kwake ni karibu lawama.

Mfano wa karibu nasi ni Zohran Mamdani. Alizaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70. Novemba 2025 alichaguliwa meya wa New York kama msoshalisti wa kidemokrasia, kwa kusema juu ya kodi ya nyumba, nauli ya basi na malezi ya watoto. Usiku huo huo Abigail Spanberger alishinda ugavana wa Virginia na Mikie Sherrill wa New Jersey, mmoja afisa wa zamani wa CIA, mwingine rubani wa zamani wa helikopta za jeshi la majini, wote wa mrengo wa kati. Kilichowaunganisha watatu ni kwamba wote walizungumzia bei.

Yote haya yanatuhusu nini sisi?

Zaidi ya unavyodhani. Mwaka 1960 Tom Mboya alikwenda kumwona John Kennedy, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani. Vijana wa kwanza wa Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kutuma watu wa kujitolea, mwaka 1961, walipelekwa Ghana na Tanganyika. Wale wa Tanganyika walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia.

Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilifuta mfumo uliowapendelea Wazungu wa Ulaya ya kaskazini. Sheria ya wakimbizi ya 1980, iliyosukumwa na seneta Edward Kennedy na kutiwa sahihi na Jimmy Carter, ndiyo njia waliyopitia Wakongo wengi unaowasikia wakiongea Kiswahili leo Kentucky, Ohio na Texas. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Trump alisimamisha mpango huo. USAID, iliyoanzishwa na Kennedy mwaka 1961, ilifungwa Julai 2025.

Lakini tusiwe wepesi wa kugawa pepo na moto. Mpango mkubwa wa dawa za UKIMWI, PEPFAR, ulianzishwa mwaka 2003 na mhafidhina, Bush mtoto, na bahati nasibu ya green card ilitiwa sahihi na baba yake mwaka 1990.

Basi, uliberali umekufa au haujafa?

Kwa jina, unafufuka kidogo kidogo. Kwa mujibu wa kampuni ya kura za maoni ya Gallup, mwaka 1992 Wamarekani waliojiita waliberali walikuwa asilimia 17. Mwaka 2024 walikuwa 25. Wahafidhina bado walikuwa mbele mwaka huo, kwa 37. Ndani ya Democratic wanaojiita waliberali sasa ni zaidi ya nusu, jambo lisilofikirika siku za Dukakis. Ni nguvu na ni mtego pia, maana chama chenye sauti moja humsahau asiyekuwepo chumbani.

Kwa mambo, angalia wanavyopigania kilekile. Oktoba na Novemba 2025 shughuli za serikali kuu zilisimama siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote hadi hapo, na ugomvi ulikuwa ruzuku za Obamacare. Democratic hawakuzipata, na ziliisha na mwaka. Kabla ya hapo, tarehe 4 Julai 2025, Trump alikuwa ametia sahihi sheria inayopunguza fedha za Medicaid na kuwataka watu wazima wengi wanaoitumia wathibitishe kwamba wanafanya kazi. Uchaguzi wa Bunge ni tarehe 3 Novemba 2026. Walioiandika sheria hiyo walipanga sharti la kazi lianze nchi nzima Januari 2027.